Dk. Denis Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyeyaona maradhi yetu katika sahani



Ndugu msomaji, katika misikiti yetu hapa Miyuji haipiti Ijumaa bila ya imamu kusomewa majina ya wagonjwa wa kuombewa dua. Wazee wanakumbuka kwamba zamani majina hayo yalifuatana na malaria, kuhara, surua na matatizo ya uzazi. Leo yanafuatana na kisukari, shinikizo la damu, figo na kiharusi. Na la kutisha zaidi ni kuwa mara nyingi mgonjwa ni yule yule mmoja, naye amebeba maradhi mawili au matatu kwa pamoja. Watoto wake wanauza kiwanja ili wanunue dawa za presha, kabla fedha haijaisha wanaambiwa baba ana sukari, na kabla hawajaizoea sukari mguu umekwisha kuoza.

Kwa nini maradhi haya yanakuja pamoja, mithili ya wasafiri waliokubaliana kupanda basi moja? Swali hili lilimshughulisha kwa miaka mingi daktari mmoja aliyeishi na kufanya kazi hapa Afrika Mashariki, na maisha yake yana mazingatio makubwa kwa kila familia ya Kiislamu. Hakuwa Muislamu. Alikuwa Mkristo, tena mcha Mungu katika dini yake. Lakini elimu ya tiba haiulizwi kabila wala dini. Katika Baghdad ya makhalifa, Hunayn bin Is-haq, naye Mkristo, ndiye aliyetafsiri kwa Kiarabu vitabu vya Jalinus, na juu ya kazi ile wakasimama matabibu wakubwa wa Kiislamu kama Ar-Razi na Ibn Sina. Basi nasi tusione haya kuchukua faida mahali ilipo.

Utoto wake na jicho lililopotea

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa barabara wa wilaya, lakini sifa yake nyingine ilikuwa ni kuwachunguza ndege. Aliwavisha pete miguuni, akachora ramani ya bustani na kuonyesha kila ndege anaishi wapi na mpaka wake unaishia wapi. Mtoto Denis alikua akiiona kazi ile ya kuhesabu na kuchora ramani, na baadaye tutaona ilivyomfaa.

Alipokuwa na umri wa miaka 11, wanafunzi walirushiana mawe, jiwe moja likampiga usoni na kuivunja miwani yake. Jicho la kulia likapotea moja kwa moja. Kwa kijana aliyekuja kuwa daktari wa upasuaji, hilo lilikuwa ni pigo zito. Alianza kusomea uhandisi katika chuo cha Trinity, Dublin, kisha akahamia kwenye tiba na kuhitimu mwaka 1935. Miaka mitatu baadaye alipata shahada ya juu ya upasuaji huko Edinburgh. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Uingereza, alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Vita Kuu ya Pili ikamfungulia mlango. Alijiunga na jeshi kama daktari mwaka 1941, akaletwa Kenya na Somalia, na huko akayapenda mazingira ya Afrika. Mwaka 1943 alimuoa Olive Rogers, na Mungu akawajaalia mabinti watatu.

Kutoka Lira hadi Mulago

Vita ilipokwisha aliomba tena, na mwaka 1946 akapelekwa Uganda. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, katika wilaya ya Lango. Pale alikuta wanaume wengi wenye mabusha. Daktari mwingine angewapasua na kuwarudisha makwao. Yeye alijiuliza wanatoka wapi, akazunguka vijijini akihesabu, na akagundua kuwa upande wa mashariki wa wilaya maradhi yale yalikuwa mengi mno, ilhali upande wa magharibi yalikuwa machache sana. Hilo likampa funzo la kwanza, kwamba ugonjwa una makazi yake, na anayejua unapokaa amekaribia kujua unatokana na nini.

Baadaye alihamishiwa hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita kumtazama mtoto wa kiume wa miaka mitano hivi, aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Burkitt hakuwahi kuona kitu kama kile. Muda mfupi baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, alitazama dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa aina ile ile. Alirudi Mulago akafukua majalada ya wagonjwa, na mwaka 1958 akaandika juu ya saratani hiyo ya watoto ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake.

Hakuishia hapo. Aliandika barua kwa hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, na kila alipopata jibu akachomeka pini katika ramani iliyokuwa ukutani. Kisha mwezi Oktoba 1961, yeye na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu aina ya Ford lililonunuliwa kwa pauni 250. Walishuka kusini, wakapita Tanganyika yetu katika majuma ya mwisho kabla ya uhuru, hadi Afrika Kusini. Kwa majuma kumi hivi walikwenda kiasi cha kilomita 16,000 na kuzuru hospitali 57. Ramani ikaonyesha kuwa saratani ile inakaa kwenye joto na mvua nyingi, kule kule inakokaa malaria. Leo inafahamika kuwa malaria ya mara kwa mara inashirikiana na kirusi kimoja kuuleta ugonjwa huo, kirusi ambacho Anthony Epstein na wenzake walikigundua mwaka 1964 baada ya Epstein kumsikiliza Burkitt akihadhiri London. Aidha, Burkitt alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuonyesha kuwa watoto wengi waliougua saratani hiyo wanaweza kupona kwa dawa.

Lau angeacha kazi siku ile, jina lake lingebaki vitabuni. Lakini kazi inayotuhusu zaidi leo ilikuwa bado haijaanza.

Maradhi ambayo hakuyaona Afrika

Mwaka 1966 Burkitt alirudi Uingereza. Mwaka uliofuata alikutanishwa na Peter Cleave, tabibu mstaafu wa jeshi la majini la nchi hiyo. Cleave alikuwa na fikra moja ambayo wengi waliidharau. Alisema kuwa kisukari, unene wa kupindukia, maradhi ya moyo, kuoza meno na kufunga choo si maradhi mbalimbali yasiyojuana. Kwake yeye hayo yalikuwa ni matawi ya mti mmoja, na mzizi wa mti huo ni sukari nyeupe na unga uliokobolewa.

Maneno hayo yalimgonga Burkitt mahali pake. Alikumbuka kuwa katika miaka yake yote ya kuwapasua wagonjwa Uganda, kidole tumbo kilikuwa nadra kwa wanavijiji, vijiwe vya nyongo vilikuwa nadra, na saratani ya utumbo mpana nayo nadra. Uingereza ilikuwa ni kinyume chake, hayo ndiyo yaliyojaza wodi. Trowell naye, aliyefika Kenya mwaka 1929 na kisha kufundisha tiba Uganda kwa miaka mingi, alikuwa na ushahidi wake. Maradhi ya moyo yatokanayo na kuziba mishipa yalikuwa adimu kwa Waafrika kiasi kwamba mwaka 1956 yeye na mwenzake walipompata mgonjwa mmoja tu, waliona inafaa kumwandikia makala katika jarida la tiba la Afrika Mashariki. Na kabla yao, mwaka 1929, daktari Donnison alikuwa amewapima presha watu wapatao 1,000 magharibi mwa Kenya, kandokando ya Ziwa Viktoria, akakuta kuwa haipandi kwa uzee kama ilivyokuwa ikipanda Ulaya.

Burkitt akarejea kwenye njia yake ya zamani, yaani barua, maswali na ramani. Kila mwezi alipokea majibu kutoka hospitali nyingi za Afrika na Asia, zikimweleza wameona wagonjwa wangapi wa maradhi gani. Picha iliyojitokeza ilikuwa moja. Maradhi haya yanatembea pamoja. Palipo na mojawapo kwa wingi, mengine hayako mbali, na hufuata nyuma ya mabadiliko ya maisha: mashine ya kukoboa, sukari, makopo, na kazi ya kukaa.

Kisha akafanya jambo ambalo wengi walimcheka nalo. Alipima haja kubwa. Ndugu msomaji, katika elimu hakuna haya, na fiqhi yetu inaanza na mlango wa twahara. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha matokeo. Wanavijiji wa Uganda walitoa kwa siku zaidi ya gramu 400, na chakula kilipita tumboni kwa kiasi cha siku moja na nusu. Waingereza walitoa takriban robo ya uzito huo, na chakula kilikaa kwa siku tatu hivi. Tofauti ilikuwa katika nyuzinyuzi, yaani yale makapi ya nafaka, maharage, mboga na matunda ambayo tumbo haliyayeyushi, na ambayo mashine huyaondoa na kuyafanya pumba za mifugo. Mwaka huo huo alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi wa Uingereza.

Tangu hapo hadi uzeeni alizunguka dunia akihadhiri na kuandika vitabu. Mwaka 1981 yeye na Trowell walihariri kitabu kikubwa juu ya maradhi yaliyoletwa na maisha ya Kimagharibi. Alifariki tarehe 23 Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82, baada ya kupatwa na kiharusi.

Tuyapime maneno yake

Uadilifu unatutaka tuseme pia mahali alipokosea. Burkitt aliupa uzi wa nafaka mzigo mkubwa kuliko unaoweza kuubeba peke yake. Chumvi, mafuta, tumbaku, pombe na kukaa bila kazi ya mwili vyote vina sehemu yao. Aidha, Afrika aliyoiona ilikuwa na watu wengi waliokufa kabla ya kufikia umri wa kisukari. Wala tusidanganyane kuwa babu zetu waliishi peponi. Wazee wa Ugogo walisimuliwa habari za Mtunya, ile njaa kuu iliyofuatia Vita ya Kwanza, iliyoua watu wengi katika nchi hii kavu.

Hata hivyo, kiini cha hoja yake kimesimama. Mwaka 2019 lilichapishwa pitio kubwa la utafiti wa nchi nyingi. Lilionyesha kuwa watu walao nyuzinyuzi nyingi, kiasi cha gramu 25 hadi 29 kwa siku, walipungukiwa kwa asilimia 15 hadi 30 na maradhi ya moyo, kiharusi, kisukari cha ukubwani, saratani ya utumbo mpana na vifo vya mapema, wakilinganishwa na wale walao kidogo mno. Tazama, ni maradhi manne na sababu moja.

Njia zake nazo zinafahamika zaidi leo kuliko zama zake. Nafaka nzima hutoa sukari yake polepole, na nyeupe huimwaga kwa pamoja. Bakteria wema wa utumbo hula nyuzinyuzi na kutoa vitu vinavyolinda ukuta wa utumbo na kupunguza uvimbe ndani ya mwili. Mtu anaponenepa kiunoni, mwili wake hauitii tena insulini. Sukari ikibaki juu huchubua mishipa midogo ya macho, figo na miguu, na presha inaikaza mishipa ile ile. Figo zikidhoofika, presha hupanda zaidi. Kwa hivyo ndiyo maana mgonjwa wetu wa Ijumaa ana maradhi matatu. Ni moto mmoja ulioshika vyumba vitatu vya nyumba moja.

Habari hii si ya Wazungu tena. Mwaka 1989 ilichapishwa taarifa ya vijiji vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, ambako walipimwa watu wazima zaidi ya 6,000 na mwenye kisukari hakufika mmoja katika kila 100. Mwaka 2012 uchunguzi wa taifa wa Tanzania kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta takriban 9 katika kila 100 wana kisukari, na kiasi cha mmoja katika kila wanne ana shinikizo la damu. Huko Kenya, watafiti waliwafuatilia vijana waliotoka vijiji vya magharibi kwenda Nairobi, na matokeo yaliyotolewa mwaka 1990 yalionyesha kuwa presha yao ilianza kupanda ndani ya miezi michache, chumvi na uzito vikiwa vimeongezeka. Nasaba yao ilikuwa ni ile ile. Kilichobadilika ni sufuria.

Na la karibu zaidi, mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa Kilimanjaro uliohusisha wanaume 77. Wale wa kijijini waliobadilishiwa chakula chao cha asili wakapewa mlo wa Kimagharibi kwa majuma mawili tu, damu yao ilionyesha dalili za uvimbe wa ndani na kinga iliyodhoofika. Wale wa mjini waliorudishwa kwenye chakula cha asili, mambo yao yalikwenda upande wa heri. Majuma mawili, ndugu yangu. Ni nusu ya Ramadhani.

Mafunzo kwa familia zetu

Tujitazame sasa hapa Dodoma. Ardhi yetu kavu ilitupa uwele na mtama, karanga, njugu mawe, kunde, maboga na mlenda. Mtu alikwenda shambani kwa miguu na kurudi kwa miguu. Burkitt angepita katika nyumba hizo asingekuta la kuwafundisha. Leo mji umekuwa jiji na makao ya serikali. Ugali wa uwele umekuwa chakula cha kuonewa haya mbele ya mgeni, dona imeachiwa shule na magereza, na kwenye meza ipo sembe nyeupe, chapati, chipsi na soda. Mtoto hatembei tena hadi madrasa, anapakiwa bodaboda. Kitambi cha baba tunakiita neema, na unene wa mama tunauita kutunzwa vizuri.

Qur'ani inatuamrisha kula na kunywa bila ya kufanya israfu, na Mtume (SAW) ametufundisha kuligawa tumbo mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi. Sisi tumeyahifadhi mafundisho haya kwa ndimi, na magharibi ya Ramadhani tunayasahau mbele ya sinia la vitu vya kukaanga na jagi la sharubati ya sukari. Tumegeuza mwezi wa kupumzisha tumbo kuwa msimu wa kulitesa.

Basi ni yapi ya kufanya? Mama wa nyumba arudishe dona, uwele na mtama, walau katika siku nyingi za juma. Maharage na mboga za majani visiwe kitoweo cha siku ya ukata tu. Chumvi isiongezwe mezani. Soda iwe ni kitu cha sikukuu, na chai ipunguziwe sukari kijiko baada ya kijiko hadi ulimi uzoee. Anayevuta tumbaku aache. Mwenye afya aende msikitini kwa miguu, na swala tano zisimfanye adhani kuwa zimemtosheleza mazoezi yote. Kila aliyefikia umri wa miaka 40, au aliye na mzazi mwenye sukari, akapimwe presha na sukari kabla hajaumwa. Na aliyekwisha kuanzishiwa dawa asiziache kwa kusoma makala hii, bali azungumze na daktari wake, kwani chakula bora husaidiana na dawa.

Huenda mtu akasema: mbona Burkitt mwenyewe, pamoja na yote hayo, alikufa kwa kiharusi? Jawabu ni kuwa ajali haikimbiwi, na hakuna mlo unaoufuta uliokadiriwa. Lakini kiharusi cha umri wa miaka 82, baada ya maisha marefu ya kazi, si sawa na kiharusi cha mwenye miaka 45 anayeacha watoto wadogo. Sisi tumeamrishwa kumfunga ngamia kisha ndipo tutawakali. Mwili ni amana, na mwenye kukabidhiwa amana ataulizwa.

Mtu mwenye jicho moja alizunguka maelfu ya kilomita katika nchi zetu akayaona yale tusiyoyaona sisi wenye macho mawili. Alichokiona kilikuwa ndani ya vyungu vya bibi zetu. Itakuwa ni hasara kubwa iwapo Wazungu watajifunza kutokana na chakula chetu nasi tukakitupa.

Tunamuomba Allah (SW) awaponye wagonjwa wetu, azihifadhi familia zetu, na atujaalie kula kwa kiasi na kushukuru.

Wabillahi tawfiq.